Mjakaranda Hauna Hatia: Chavua, Mzio na Wajibu wa Kiswahili Viungani mwa Nairobi

Kila mwaka, kati ya Septemba na Novemba, mijakaranda ya Nairobi huvua majani na kuvaa zambarau. Barabara hutandikwa zulia la maua, wapiga picha hujitokeza, na washairi chipukizi wa vyuo vyetu hupata la kuandika. Msimu uo huo, katika viunga vya Karen, Lang'ata, Kileleshwa na Lavington, watu huanza kupiga chafya mfululizo. Macho huwawasha, makamasi mepesi kama maji huwatiririka, na koo huwakereketa. Kwa kuwa binadamu hupenda kuyafungamanisha mambo yanayotokea kwa wakati mmoja, lawama huelekezwa kwa kilicho mbele ya macho. Husemwa kwamba ni haya maua ya jakaranda. Wapo hata wanaotaka miti hiyo ikatwe.

Makala haya yanadhamiria kuutetea mjakaranda, ila utetezi huo ni mlango tu wa kuingilia katika suala zito zaidi. Suala lenyewe ni kwamba wakazi wa viunga vya Nairobi wanaugua maradhi ambayo hawayaiti kwa jina lake, yanayoletwa na kitu wasichokiona wala kuhesabiwa. Kwa kukosa jina, wananunua dawa zisizofaa. Kwa kukosa hesabu, hawajui siku ya kujihadhari. Nitasema kwamba sisi tunaokisoma na kukifundisha Kiswahili tuna sehemu yetu katika kosa hili, na tuna sehemu kubwa zaidi katika kulirekebisha.

Mti unaosingiziwa

Ili tuelewe ni kwa nini mjakaranda unasingiziwa, hatuna budi kukumbuka somo dogo la biolojia. Mimea itoayo maua huhitaji kuhamisha chavua, yaani ule ungaunga wa kiume, kutoka ua moja hadi jingine. Baadhi ya mimea hutegemea wadudu na ndege katika kazi hii. Mingine hutegemea upepo. Mmea unaomtegemea nyuki hauna budi kumvutia. Kwa sababu hiyo hujipamba kwa rangi, hutoa harufu nzuri na kumwandalia mgeni wake asali. Chavua zake huwa nzito na zenye kunata, ili zigande mwilini mwa mdudu. Mjakaranda ni wa kundi hili. Ua lake lenye umbo la tarumbeta na rangi ya zambarau ni tangazo kwa nyuki. Si kwamba haiwezekani kabisa mtu kudhurika kwa chavua zake, hasa akikaa chini ya mti siku nzima, lakini chavua hizo si za kusafiri angani na kuingia mapuani mwa mtaa mzima.

Mmea unaotegemea upepo hauna haja ya pambo. Upepo hauna macho wala pua. Mmea wa aina hiyo hutoa chavua nyingi mno, ndogo, kavu na nyepesi, kisha ukazikabidhi hewani kwa kubahatisha. Kati ya mamilioni ya punje ni chache tu zitakazolifikia ua linalostahili. Zilizobaki hutua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vyandarua vya madirisha, na puani mwetu. Nyasi ni za kundi hili, na hali kadhalika miberoshi. Ni nani kati yetu aliyewahi kusimama kulitazama ua la nyasi? Ni vijiuzi vyeupe au vya rangi ya kahawia vinavyoning'inia kwenye suke, na mtu huvipita bila kuvijali. Wahenga walinena kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Viunga vya Nairobi vimejaa simba wa namna hii. Kuna ukoka, nyasi itambaayo kandokando ya njia na kwenye viwanja vya mpira, ambayo inajulikana duniani kote kwa kuleta mzio. Kuna nyasi ya Rhodes, ndefu na yenye masuke yaliyotawanyika kama vidole. Kuna ile nyasi ya bustani ambayo dunia nzima huiita kwa jina la Wakikuyu, kwa kuwa asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nyasi hii imesafirishwa hadi Australia, Afrika Kusini na California, ambako imekuwa malisho, bustani na gugu sumbufu kwa wakati mmoja. Kuna pia miberoshi iliyoletwa kutoka Mexico na Amerika ya Kati, ambayo huzungushwa kama ua katika maboma mengi ya nyanda zetu za juu. Mjakaranda nao ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Mji wenyewe umepandwa miti ya kila bara. Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kuijaribu miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni za gari la moshi, ni ushahidi kwamba mandhari tunayodhani ni ya asili ilipandwa kwa mikono ya watu.

Swali linalozuka ni hili: mbona basi chafya na maua ya zambarau huja pamoja? Jibu limo katika mvua. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, lakini mwinuko wake, ambao unakaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, umeupoza mji kiasi kwamba wanajiografia huiweka tabianchi yake katika kundi la nyanda za juu za nusutropiki. Hatuna majira ya kuchipua kama ya Ulaya. Kalenda yetu ni ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Nyasi zilizokauka hupata uhai mvua inyeshapo, hurefuka, kisha hutoa masuke. Mjakaranda huchanua mwishoni mwa kiangazi na kuendelea mvua za vuli zinapoanza, wakati ambapo nyasi nazo zinaamka. Mjakaranda, kwa hivyo, ni kama jogoo. Huwika kunapopambazuka, lakini si yeye aletaye jua.

Homa isiyo homa

Tukitoka kwenye mti twende kwenye ulimi. Mwanafunzi wa Nairobi anayepiga chafya akiulizwa kinachomsumbua atajibu, "Nina homa." Katika Kiswahili sanifu, homa ni hali ya mwili kupata joto kupita kiasi. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, neno hilo limehamia puani na kuchukua nafasi ya mafua. Mabadiliko ya maana si dhambi. Ni jambo la kawaida katika kila lugha hai, na wanaisimu wamelieleza kwa mapana. Hata hivyo, mabadiliko mengine yana gharama, na hili ni mojawapo.

Neno homa, kwa namna tunavyolitumia, limekuwa kapu linalobeba mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni joto la mwili, ambalo laweza kuwa dalili ya malaria. La pili ni mafua, yanayosababishwa na virusi, ambayo kwa kawaida humwacha mtu baada ya wiki moja au siku kumi hivi. La tatu ni mzio wa chavua, ambao hauna virusi wala bakteria, hauambukizi, haupandishi joto la mwili, na waweza kudumu majuma mengi maadamu chavua zingali angani. Mwenye mafua huumwa na mwili na makamasi yake huelekea kuwa mazito kadiri siku zinavyosonga. Mwenye mzio huwashwa. Macho, pua, hata kaakaa humwasha, naye hupiga chafya kwa mkururo, hasa asubuhi, na makamasi yake hubaki mepesi. Mwaka ujao, msimu huo huo, hali hiyo humrudia.

Anayeliweka kapu hilo zima mbele ya muuza dawa hupewa dawa ya kapu zima. Ninamfahamu mwanafunzi mwenzangu wa uzamili ambaye katika muhula mmoja aliandikiwa viuavijasumu mara tatu katika zahanati moja ya mtaani kwa sababu ya "homa isiyosikia dawa". Viuavijasumu hupambana na bakteria. Dhidi ya chavua ni sawa na kumfungulia mashtaka mtu aliyekwisha kuhama mji. Isitoshe, kila kidonge cha aina hiyo kinachomezwa bila sababu huwapa bakteria nafasi ya kujifunza kukishinda, nayo hasara hiyo haimwangukii mnunuzi peke yake. Humwangukia pia mtoto wa jirani atakayekihitaji kesho akiwa na nimonia.

Wapo waliobahatika kupewa dawa inayozuia histamini. Hata hapo pana tatizo. Iliyo rahisi kupatikana na yenye bei nafuu ni klorofeniramini, kile kidonge kidogo cha manjano ambacho wengi hukijua kwa jina la Piriton. Hutuliza chafya, lakini pia humlaza mtu. Mhadhiri anayemwona mwanafunzi akisinzia katika mhadhara wa saa nane mchana huenda akadhani ni matokeo ya mkesha wa starehe, kumbe ni kidonge cha asubuhi. Zipo dawa za kizazi cha baadaye, kama vile setirizini na loratadini, ambazo kwa kawaida hazileti usingizi mzito kama ule, na zipo za kupuliza puani ambazo hutuliza uvimbe wenyewe. Mtu hawezi kuziulizia, hata hivyo, ikiwa hana jina la kumwambia mfamasia zaidi ya homa.

Tusiwacheke wasemaji wa Kenya kwa hili. Waingereza walianguka katika shimo lilo hilo. Mwaka 1819, daktari John Bostock aliwaeleza madaktari wenzake wa London kuhusu maradhi yaliyomsumbua yeye mwenyewe kila kiangazi. Baadaye umma uliyapachika maradhi hayo jina lenye maana ya homa ya majani makavu ya malisho. Jina hilo lingali linatumika katika Kiingereza, ilhali hapana homa wala si majani makavu yaletayo madhara. Ilibidi daktari mwingine, Charles Blackley wa Manchester, ambaye naye alikuwa akiugua, ajifanyie majaribio kwa miaka mingi, arushe tiara zilizobeba vioo vyenye kunata ili kunasa kilichomo hewani, kisha mwaka 1873 achapishe kitabu kilichothibitisha kwamba mkosaji ni chavua. Jina baya lilikuwa limeuelekeza uchunguzi kwenye joto, vumbi na harufu.

Utajiri uliomo katika neno mzio

Kiswahili, kwa upande wake, hakina sababu ya kukopa jina hilo bovu. Tunalo neno mzio, nalo lina historia ya kujivunia. Kabla ya kutwaliwa na wanaistilahi, mzio ulikuwa kitu au chakula ambacho mtu hujiepusha nacho, ama kwa kuwa kinamdhuru ama kwa kuwa amekatazwa na mganga au na mila. Ni jirani wa mwiko. Neno hili linashabihiana na maneno ya lugha nyingine za Kibantu zinazotuzunguka. Waganda wana omuziro, yaani mnyama au mmea ambao watu wa ukoo fulani hawauli wala hawaudhuru. Wakikuyu wana mugiro, lenye maana ya mwiko. Mwanafunzi wa isimu linganishi ana shamba zuri la kulima hapa.

Tulilinganishe na neno ambalo watangazaji wetu hulipenda zaidi, aleji. Hilo liliundwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna kutokana na mizizi miwili ya Kiyunani, mmoja wenye maana ya "nyingine" na mwingine wenye maana ya "kazi" au "utendaji". Ni neno zuri kwa mwanasayansi, kwa kuwa linaeleza kwamba mwili umetenda tofauti na ilivyotarajiwa. Hata hivyo, halimwambii mgonjwa afanye nini. Neno mzio humwambia. Ndani yake mna kitu, mna mtu ambaye kitu hicho hakimfai ingawa huwafaa wengine, na mna wajibu wa kujiepusha. Hayo matatu ndiyo msingi wa matibabu yenyewe.

Sayansi imeuthibitisha mtazamo huo. Kati ya mwaka 1966 na 1967, watafiti nchini Marekani na Uswidi waliitambua aina ya kingamwili ambayo baadaye ilipewa jina la IgE. Kwa mtu mwenye mwelekeo wa mzio, mwili huzichukulia protini za chavua kana kwamba ni adui. Mara ya kwanza hapana dalili. Mwili hutengeneza IgE zinazoilenga chavua hiyo, nazo hujibandika kwenye seli maalumu zilizotanda puani, machoni na katika njia za hewa. Chavua zikija tena, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine, na papo hapo huanza kuwashwa, kuvimba na kutiririka. Chavua yenyewe haina sumu. Jirani huivuta hewa ile ile akacheka na kuendelea na safari yake. Mzio ni wa mtu na kitu chake, kama ambavyo wazee walivyolijua neno hilo.

Kuhusu chavua nako hatuna upungufu. Neno hilo limekwisha kuzoeleka katika kamusi zetu, pamoja na kitenzi chavusha na nomino uchavushaji. Lipo pia neno mbelewele, linalohusishwa na maua ya nafaka. Wapo wanaopendelea umbo la mkopo, poleni. Sioni sababu. Mtangazaji akisema kwamba asubuhi hii kuna poleni nyingi mjini Nairobi, msikilizaji atadhani anapewa rambirambi, aanze kuuliza ni nani aliyefariki.

Kisichohesabiwa hakiepukiki

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mzio wa chakula una nafuu yake. Mtu ambaye samaki ni mzio wake huisukuma sahani, basi. Mzio wa hewa hauna sahani ya kusukumwa. Hakuna anayeweza kuacha kupumua. Njia pekee ya kujiepusha na chavua ni kujua ziko nyingi lini, wapi, na za mmea gani, ili mtu afunge madirisha asubuhi, aanike nguo ndani, aahirishe kufyeka nyasi, au aanze kutumia dawa kabla ya msimu kupamba moto. Ujuzi huo haupatikani kwa macho. Punje ya chavua ya nyasi ina upana wa mikromita 20 hadi 40 hivi, yaani sehemu ndogo sana ya milimita moja. Hupatikana kwa kuhesabu.

Kuhesabu chavua si kazi ya miujiza. Mtambo unaotumika katika nchi nyingi ulitokana na ubunifu wa mwanasayansi J. M. Hirst wa Rothamsted, Uingereza, mwaka 1952. Huvuta hewa kiasi cha lita 10 kwa dakika, kiasi kinachokaribia pumzi za mtu aliyetulia. Ndani yake mna utepe wenye kunata unaosogea milimita 2 kila saa. Baada ya siku 7 utepe huo hutolewa, hukatwa vipande vya siku moja moja, hutiwa rangi, na mtaalamu akaketi kwenye hadubini kuzitambua na kuzihesabu punje. Matokeo hutajwa kwa idadi ya punje katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa saa 24. Kule Uingereza, chavua za nyasi zikiwa chini ya 30 husemwa kuwa chache. Zikiwa 30 hadi 49 ni za wastani, 50 hadi 149 ni nyingi, na kuanzia 150 ni nyingi mno. Msikilizaji hahitaji shahada ili kuyaelewa maneno hayo manne.

Barani mwetu mfano upo. Nchini Afrika Kusini, katika miaka ya karibuni, vituo vya kuhesabu chavua vimewekwa katika miji kama Cape Town, Johannesburg, Pretoria na Durban. Johannesburg ina mengi ya kufanana nasi. Ni mji wa nyanda za juu wenye tabianchi ya nusutropiki, nyasi nyingi, na miti ya kupandwa ikiwemo mijakaranda. Huku kwetu, Idara ya Hali ya Anga hututangazia mvua, jua, joto na upepo. Chavua hazimo katika utabiri huo wa kila siku. La kushangaza ni kwamba utaalamu wenyewe si mgeni nchini. Makavazi ya Kitaifa yana wataalamu wa palinolojia, yaani elimu ya chavua, ambao huchunguza matope ya maziwa na vinamasi ili kujua ni mimea gani iliyoota maelfu ya miaka iliyopita. Tunazisoma chavua zilizovutwa na wahenga wa wahenga wetu. Za leo asubuhi hatuzitangazi.

Kuna atakayesema kwamba haya ni maradhi ya wenye nafasi. Kwamba nchi yenye malaria, kifua kikuu na njaa haina wasaa wa kuhesabu ungaunga wa nyasi. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Nalijibu kwa mambo mawili. Kwanza, upepo hauulizi kodi ya nyumba. Chavua za bustani ya Lavington huvuka ukuta zikafika Kawangware bila kibali, na anayeikata ile miberoshi na kuzifyeka zile nyasi si mwenye nyumba bali kibarua wa kutwa, asiye na bima wala barakoa. Utafiti wa kimataifa kuhusu pumu na mzio wa watoto, ulioanza mwaka 1991 na kujulikana kwa kifupisho cha ISAAC, ulizihusisha Nairobi na Eldoret, kwa sababu maradhi haya yalikwisha kutambuliwa kuwa si ya Wazungu peke yao.

Pili, mzio wa pua na pumu ni ndugu. Tarehe 21 Novemba 2016, mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya radi ilivuma katika msimu wa chavua za nyasi. Punje zilipasuka kwa unyevu na kuwa vipande vidogo vinavyoweza kupenya hadi mapafuni. Maelfu ya watu walifika hospitalini wakihema, na watu 10 wakafariki. Miongoni mwa walioathirika walikuwamo watu waliojijua kuwa wana chafya za msimu tu na hawakuwahi kuugua pumu. Kuanzia mwaka uliofuata, jimbo la Victoria lilianzisha utaratibu wa kuwaonya wananchi kuhusu siku za hatari kama hiyo. Sidai kwamba Nairobi ni Melbourne. Ninachosema ni kwamba Melbourne ilikuwa na hesabu ya kuanzia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wajibu wetu

Sasa nirejee kwetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Najua lipo jibu la haraka: sisi si madaktari, si wanabotania, kazi yetu ni riwaya, ushairi, tamthilia na sarufi. Jibu hilo limetufikisha mahali pabaya. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule zetu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, lakini masomo ya sayansi yakabaki kwa Kiingereza. Mtoto wa Kenya hujifunza chavua akiwa darasani kwa lugha moja, kisha huenda nyumbani kuieleza chafya ya nyanya yake kwa lugha nyingine, na katikati pana pengo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 43 kimempa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sioni namna mtu atakavyoifaidi haki ya kifungu cha 43 akiwa hana neno la kifungu cha 7.

Istilahi tunazo. TUKI ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi nyingine zimefuata. Hata hivyo, neno lililofungiwa katika kamusi ni kama mbegu iliyofungiwa ghalani. Haliwi na afya mpaka litoke na kutumiwa na mtangazaji, mfamasia, mwalimu wa chekechea na mpiga debe wa matatu. Kulitoa huko ndiko kazi yetu. Waswahili wa pwani walizipa pepo majina yake: kusi, kaskazi, matlai, umande. Walifanya hivyo kwa kuwa maisha yao, vyombo vyao na biashara yao vilitegemea kuujua upepo. Lugha iliyoupa upepo majina yote hayo haiwezi kushindwa kukitaja kinachobebwa na upepo.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti ya serikali. Mosi, tuyatumie maneno mafua, homa na mzio kila moja mahali pake, darasani, katika insha na katika vipindi vya redio tunavyoalikwa kushiriki. Wahadhiri wanaosahihisha matumizi ya viambishi kwa wino mwekundu na wasiliache neno homa lipite bila swali. Pili, vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na idara za botania na za tiba kuandika vijikaratasi vya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, vya kubandikwa mabwenini na kwenye maduka ya dawa: dalili za mzio ni hizi, za mafua ni hizi, ukiona kifua kinabana mwone daktari upesi. Tatu, tuandike kwa pamoja kielelezo cha taarifa ya chavua, ili siku mtambo utakapowekwa juu ya paa la jengo fulani mjini, lugha iwe imekwisha kungoja mlangoni. Taarifa yenyewe yaweza kuwa fupi hivi: "Leo chavua za nyasi ni nyingi katika viunga vya magharibi mwa Nairobi. Upepo ni mkavu. Wenye mzio wafunge madirisha asubuhi, na wenye pumu wasisahau dawa yao ya kuvuta."

Maneno hayo hayazidi thelathini, wala hayana istilahi hata moja inayohitaji kufafanuliwa kwa mabano. Kwa wanasayansi tunadai mtambo na hesabu. Kwa Idara ya Hali ya Anga tunadai dakika moja baada ya habari za mvua. Kwetu sisi wenyewe tudai kwamba mwaka huu, mijakaranda itakapochanua, pasiwe na mwanafunzi wa Kiswahili atakayeikodolea macho na kusema kwamba ndiyo iliyompa homa. Ainame aitazame nyasi iliyo chini ya miguu yake. Kikulacho ki nguoni mwako.